Ndoo ya Nne ya Winifrida

Kama kuna mtu alikuwa na raha Kariakoo nzima Jumamosi ile, basi ni Winifrida, mke wa Theophil wa duka la plastiki Mtaa wa Narung'ombe. Tangu asubuhi alikuwa hashikiki. Mteja akiuliza bei ya beseni anajibiwa na mtu anayechekacheka peke yake. Mwingine aliomba jagi akapewa ndoo, tena ndoo haina mfuniko. Mwishowe Theophil akamtazama mkewe, akatikisa kichwa, akasema, "Mama Lucky, hebu nenda zako stoo kabla hujanimalizia wateja."

Hilo ndilo alilokuwa analingoja. Hakuaga. Maana leo ilikuwa siku ya ndoo ya nne.

Ngojeni niwaeleze vizuri, msije mkadhani huyu mwanamke amechanganyikiwa. Winifrida alikuwa kwenye kundi moja la WhatsApp linaitwa Povu la Bongo, kundi la watu wanaopika sabuni majumbani mwao, kuanzia Mbagala mpaka Bunju. Hao watu wana lugha yao. Sabuni ya mkupuo mmoja wanaiita ndoo. Kostiki, ile dawa inayogeuza mafuta kuwa sabuni na inayokuchubua ngozi ukiichezea, wao wanaiita mkali. Uji wa sabuni ukishika uzito hata ukiudondosha juu yake unaacha alama, wanasema umefika mstari, na hapo mtu anapongezwa. Ukiganda ghafla kabla hujaumwaga kwenye kasha, umegoma, na hapo mtu anapewa pole. Sabuni ikishakatwa inakaa rafuni wiki na wiki ikauke na kutulia. Hiyo inaitwa arobaini, kama ya mzazi na mtoto wake, na ole wako uitoe nje kabla.

Winifrida lugha hiyo aliinywa kama maji. Alikuwa anaijua kuliko majina ya mashemeji zake. Tatizo likawa sabuni yenyewe. Ndoo ya kwanza aliipa mafuta ya alizeti matupu, ikakataa kabisa kushika, ikabaki uji mpaka ikamwagwa. Ya pili ikakatika punjepunje, kundi zima likamwuliza anakaribisha watu wali saa ngapi. Ya tatu ilichemka yenyewe kwenye kasha, ikaumuka, ikamwagikia robota la mapazia mapya ya wifi yake lililoegeshwa karibu.

Hapo ndipo mambo yalipofika kikaoni.

Wifi mwenyewe ni Fortunata, dada yake Theophil, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mnada. Anauza mapazia kwenye upande mmoja wa duka hilohilo la kaka yake. Ile stoo ya nyuma anakopikia Winifrida ndiyo aliyokuwa anaililia mwaka mzima, aweke marobota yake yaache kulala barazani. Alipoona mapazia ya rangi ya dhahabu yamepauka na kutoboka, hakulia wala hakutukana. Alikunja kanga yake kiunoni, akasema, "Theo, ama mimi ama hiyo mitambo."

Wakakaa kikao, Jumapili, baada ya chakula. Theophil hakutaka kugombana na dada wala na mke, kwa hiyo akatoa hukumu ya mtu anayetaka kwenda kulala: Winifrida apike mara moja tu tena. Kundi lake likiikubali hiyo sabuni, stoo inabaki ya sabuni na Fortunata asiiseme tena. Likiikataa, stoo inakwenda kwa Fortunata, na ndoo, mizani, mafuta na makasha vyote vitoke siku hiyohiyo. Winifrida akasema sawa kabla hata hajamaliza kusikia.

Mtaniuliza, mtu mzima na akili zake anajifunga hivyo kwa ajili ya sabuni? Jamani, maisha yake yote Winifrida ameuza vitu vya watu. Beseni limetengenezwa kiwandani, kontena limekuja na meli, yeye kazi yake ni kutoa kwenye robota na kupanga mlangoni. Hakuna kitu pale dukani angeweza kukishika akasema hiki nimekifanya mimi. Alitaka kimoja tu. Alikitaka mpaka kifua kinauma.

Sasa lile kundi nalo lina taratibu zake. Ukitaka sabuni yako ikubalike na wewe mwenyewe uitwe somo, yaani mtu anayeaminika na anayeruhusiwa kufundisha wengine, unapika huku watu wanakutazama kwenye simu. Kesho yake unakata huku wanakutazama. Halafu inalambwa. Msicheke, ndivyo wanavyofanya: ncha ya ulimi inagusa sabuni, na kama mkali bado umebaki humo, ulimi unapigwa shoti papo hapo. Na mlambaji haruhusiwi kuwa mpishi, maana mpishi hujidanganya. Anatakiwa awe mtu asiyekupendelea hata kidogo.

"Unaye mtu wa namna hiyo?" aliuliza Bi Siti wa Magomeni, ndiye mkuu wa kundi.

"Ninaye, Bi Siti," Winifrida akajibu. "Tena ninakula naye sahani moja."

Basi saa nane mchana Jumamosi hiyo simu ilikuwa imeegeshwa kwenye rundo la majagi, na uso wa Bi Siti umeijaza skrini yote, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, Bi Siti."

"Marahaba, mwanangu. Glavu?"

"Hizi hapa."

"Miwani ya macho? Mlango wa nyuma umefunguliwa? Haya, Bismillahi, anza. Na huyo aliyekaa nyuma yako ni nani?"

Aliyekaa nyuma alikuwa Fortunata, juu ya robota lake alilokuja nalo, na futi ya kupimia mkononi. Alikuwa anapima ukuta. "Mie mpita njia tu, mama," akasema. "Shikamoo. Wifi, endelea na kazi yako, usinijali. Hapa naona rafu tatu zitaingia bila tabu."

Winifrida akaanza. Mkali akauingiza kwenye maji taratibu, maana ukikosea ukamwaga maji juu ya mkali vinakurukia usoni. Maji yakafuka moshi, akajirudisha nyuma, akangoja yapoe. Mafuta ya mawese na ya nazi yalikuwa yameshayeyushwa yanamsubiri. Akachanganya. Akashika mashine ya kukorogea, akaizamisha, vruuu, na yale mafuta mekundu yakaanza kupauka, yakawa ya chungwa, yakawa ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Akainua mashine, akaacha tone lidondoke.

Tone likakaa juu. Halikuzama.

"Mstari!" akapiga kelele. "Bi Siti, mstari! Mstari huo!"

"Nimeuona! Nimeuona, Winifrida!" Na sauti nyingine kwenye simu zikaitikia, Samson wa Mbagala anapiga mbinja, Sofia wa Tabata anapiga vigelegele, mtu mwingine hajulikani hata ni nani anasema songa mama, songa mama. Fortunata akanyanyuka kidogo kwenye robota achungulie. Akajikuta anauliza, "Ndio imekuwa hiyo?"

"Bado manukato, wifi! Manukato halafu kasha!"

Na hapo, wapenzi, ndipo Winifrida alipojiharibia. Alikuwa na chupa ya mafuta ya karafuu, kayanunua kwa wauza manukato wa hapohapo Kariakoo, mazito, yanayoingia puani mpaka kichwani. Wapika sabuni wote wanajua karafuu haina subira. Unatia kidogo, mwisho kabisa, kwa mwiko, huku kasha liko tayari. Bi Siti alikuwa amemwambia, akamrudia, akamwandikia. Winifrida alijua hayo yote. Lakini raha ilishampanda. Akawaona kichwani mwake wateja ng'ambo ya barabara wanageuza shingo, wanauliza hiyo harufu inatoka wapi, akasema moyoni kidogo ndio nini. Akaipindua chupa yote.

"Winifrida!" Bi Siti akaita. "Mwanangu, hiyo chupa..."

Uji ukanyamaza. Hivyo ndivyo unavyoweza kusema: ulikuwa unazunguka, ukanyamaza. Mwiko ukasimama wima katikati ya ndoo bila kushikwa na mtu.

"Imegoma!" Samson akapasua simu kwa kelele. "Imegoma hiyo! Iwahi!"

"Usiongeze maji!" "Kasha, kasha, kasha!" "Ikandamize!" "Ipige chini itoe hewa!" Kila mtu anasema lake, na Winifrida kasimama na mwiko anatazama stoo yake inaondoka hivihivi mbele ya macho yake. Machozi yakaanza kumjaa ndani ya ile miwani.

Wa kwanza kusogea alikuwa Fortunata.

Alitupa futi chini, akavaa glavu moja ya kushoto na nyingine ya kushoto pia, akamsukuma wifi yake kwa nyonga. "Unangoja nini, we mwanamke? Si wamesema ikandamizwe?" Akazamisha mikono kwenye ndoo, akachota bonge, akalibamiza kwenye kasha. Winifrida akazinduka. Wakawa wawili, huyu anachota huyu anakandamiza, Fortunata anashindilia kwa kitako cha jagi, wananyanyua kasha pamoja wanalipiga sakafuni, pu, pu, pu, mpaka Theophil akapiga ukuta kutoka dukani anauliza kuna usalama huko.

"Tuache!" wakajibu wote wawili kwa pamoja.

"Pembe ile bado ina shimo, wifi!"

"Naiona! Nipe bonge lingine! Mama, hii inatosha au niongeze?" Fortunata alikuwa anaongea na Bi Siti sasa, kaishika simu karibu na pua. Jasho linamtiririka, kanga imelegea, macho yanang'aa. Walipomaliza, bila hata kufikiri, alivuta pazia lake mwenyewe kutoka kwenye robota akalifunika kasha lisipoteze joto. Halafu wakakaa chini, migongo ukutani, wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka mbavu zikawauma.

Kesho yake misa ilikuwa ndefu kuliko misa zote. Padri alihubiri, Winifrida akawa anakata sabuni kichwani. Waliporudi hata chai hawakunywa. Theophil alikuja naye stoo safari hii, maana yeye ndiye mwenye hukumu. Simu ikawekwa kwenye majagi. Kundi zima lilikuwa hewani.

Kasha likafunguliwa. Juu sabuni ilikuwa mbaya, ina mabonde na alama za kitako cha jagi. Winifrida akaweka kisu, akakandamiza kwa mikono miwili, akakata kipande cha kwanza, akakigeuza kuelekea kwenye simu.

Mama yangu wee! Ndani yale mabonge yalikuwa yameshikana, rangi ya chungwa imepita kwenye rangi ya maziwa, imejiviringa, imeachana, imerudi tena. Hata ungekaa na kijiti na subira usingeweza kuichora vile. Na karafuu ikajaa stoo yote. Kwenye simu watu walipiga kelele mpaka ikawa haieleweki nani anasema nini. Sofia akasema anataka vipande viwili arobaini ikiisha tu, cha kwake na cha kumwogeshea mwanawe.

"Tulieni!" Bi Siti akaamuru. "Uzuri ni wa macho. Mlambaji yuko wapi?"

Fortunata akasogea mbele. Winifrida akampa kipande kile. Huyu ndiye mtu aliyeitaka stoo mwaka mzima. Neno moja lake, stoo ni yake, na hakuna atakayemwuliza. Wala asingekuwa na haja ya kusema uongo, angekunja uso tu.

"Sema kweli yako, wifi," Winifrida akamwambia.

Fortunata akatoa ulimi, akaugusisha. Akafumba macho. Uso hausomeki. Halafu akafumbua.

"Haiumi," akasema. "Hata kidogo."

Ee bwana! Vigelegele, mbinja, sauti za ngoma kutoka kwa mtu mwenye ngoma. Bi Siti akanyanyua mikono, akatangaza, "Kuanzia leo, Somo Winifrida wa Kariakoo!" Theophil akapiga makofi, akasema, "Hukumu imepita, stoo ni ya mke wangu!" Winifrida akaruka, akamkumbatia mumewe, akaikumbatia simu, akamgeukia wifi yake amkumbatie naye, akakuta wifi kaenda mlangoni anakunywa maji kwenye jagi la duka. Kwa furaha ile, akitaka tu naye aonje utamu wa ushindi wake, Winifrida akakichukua kile kipande akakilamba palepale alipolamba mwenzake.

Shoti ikampiga mpaka kwenye fizi. Ulimi ukawaka, macho yakamtoka machozi. Inauma! Inauma vibaya! Akatazama mlangoni. Fortunata hakuwa anakunywa. Alikuwa anasukutua na kutema, anasukutua na kutema, amewapa mgongo wasimwone.

Winifrida alisimama pale na kile kipande mkononi. Hakuna aliyejua. Yule mwenye haki ya kusema alishasema. Stoo yake, usomo wake, kitu chake alichokifanya kwa mikono yake, vyote alikuwa navyo, kazi yake ilikuwa kunyamaza tu. Na arobaini mbele yake ndefu, pengine ingetulia yenyewe. Pengine. Halafu akasikia sauti ya Sofia bado inacheka simuni, anamwambia mtu nyumbani kwake kwamba mtoto naye atanukia karafuu.

Akaishika simu.

"Bi Siti," akasema, "inauma. Mkali haujaisha. Nimelamba mwenyewe."



"We Winifrida!" Fortunata akageuka, ulimi mzito mdomoni. "Una wazimu wewe? Mimi nimevumilia ulimi unawaka moto, halafu wewe unanitangaza!"

"Sasa kwa nini umesema haiumi?"

"Kwa sababu..." Fortunata akatazama sakafu, akatazama kasha, akatazama mikono yake. "Kwa sababu sijalala usiku kucha. Nawaza sabuni, mie, mtu wa mapazia! Naogopa ile pembe ina shimo. Hayo mabonge nimeyakandamiza kwa mikono hii, wifi. Ningesemaje inauma?"

Winifrida akacheka na kulia kwa pamoja. Alimpenda yule mwanamke wakati ule kuliko siku zote alizomjua.

Bi Siti akakohoa. "Vipimo vilikuwa sawa?" akauliza.

"Sawasawa, Bi Siti. Mliniona nikipima."

"Basi mkali haukusambaa kwa sababu iligoma. Inakwanguliwa yote, inarudi jikoni, inayeyushwa polepole mpaka ichanganyike. Itapona. Lakini usomo, mwanangu, nauchukua. Ndoo hii imeshindwa, na utaratibu ni utaratibu." Akavua miwani akaifuta. "Ungenyamaza tu. Wengi wangenyamaza."

Theophil akajikuna kichwa. Hakutaka, lakini neno lake alishalitoa mbele ya wote. "Basi, Mama Lucky," akasema taratibu, "kama kundi limekataa, stoo ni ya dada."

"Najua," Winifrida akajibu. Hakubisha. Akavua aproni, akaikunja. Akaanza kushusha vitu kimoja kimoja: mizani, makasha, dumu la mawese, ile mashine ya kukorogea. Akabeba sufuria kubwa ya stili akaelekea nayo mlangoni, na Fortunata kasimama mlangoni palepale, hapishi.

"Unaipeleka wapi hiyo?"

"Nje, wifi. Tulikubaliana. Stoo ni yako."

"Eeh, yangu," Fortunata akasema, mikono kiunoni, ulimi bado mzito. "Theo si umesikia? Yangu mimi, kuanzia leo, na asiniingilie mtu. Sasa nani kawaambia mtoe vitu kwenye stoo yangu?" Akampokonya sufuria, akairudisha ndani, akaibamiza juu ya meza. "Theo, kaniletee kile cha kukwangulia karoti kutoka rafu ya mbele. Na wewe, unanitazama nini? Mimi ndiye mwenye stoo, na nimesema humu inapikwa sabuni. Washa jiko."